Kenchi za Paini Mbichi

Jumatatu, 12 Februari

Jua limeshapanda na bado niko jikoni. Viatu viko chumbani. Chumbani hakufikiki ila kwa kupita sebuleni, na sebuleni amekaa Mzee na redio yake. Nasubiri aende kuoga. Leo haendi. Taarifa ya habari imekwisha, matangazo ya vifo yamekwisha, sasa ni kwaya.

Nimekwenda kufungua banda langu la mbao nimevaa malapa ya Tusa, binti yangu wa darasa la nne. Visigino vimeburuza vumbi njia nzima hadi sokoni. Mwanamke anayeuza mbao, Kyela nzima inamjua, na malapa ya mtoto. Wateja wawili walikuwa wameshaondoka.

Mzee ni baba mkwe wangu. Jina lake siandiki hata humu. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hali mbele yake, hakanyagi alipo. Huo ndio ukutila. Bibi wa kwao alinifundisha nilipoolewa: ukisikia anakuja, unapisha. Nimepisha miaka yote bila shida kwa sababu yeye alikaa kwake kando ya ziwa na mimi hapa mjini. Kisha ziwa likapanda, likaingia kwake, ukuta wa nyuma ukalala. Lusajo, mume wangu, akamleta hapa. Vyumba viwili, sebule moja, mlango mmoja. Akamkalisha, akapanda lori lake, akaenda Malawi.

Kutwa napisha. Nyumba ni yangu na napisha.

Alhamisi, 15 Februari

Tuna utaratibu wetu. Yeye akitaka kutoka anakohoa mara mbili. Mimi nikitaka kupita uani nagonga sufuria. Chakula anapeleka Tusa. Tusa akiwa shule naweka sahani kwenye kigoda mlangoni, nabisha, nakimbia. Mtu mzima, nakata kona ya nyumba yangu kama kuku aliyefukuzwa.

Wengi hapa mjini wameshaacha haya. Mama Ipyana, jirani yangu, anakaa meza moja na baba mkwe wake na anamtania. Mimi nilijaribu. Juma lile lile alipofika nilisimama nyuma ya pazia nikamwamkia kwa lugha ya kwao, "Ugonile, tata." Akaweka kijiko. Akainuka akaacha ubwabwa na samaki wake, mbasa mzima, akaenda kukaa barabarani mpaka jioni. Watu wakaniuliza nimemfanya nini mzee wa watu.

Sijajaribu tena. Nilichukia. Bado nachukia.

Njia ni moja. Nyuma ya nyumba hii kuna nyingine, kuta ziko tayari tangu mwaka jana, bado paa tu. Ikipauliwa, nahamia mimi na Tusa, yeye anabaki hapa na redio yake. Lazima kabla ya mvua kubwa. Nikipitisha masika nzima jikoni nitapata kichaa.

Jumamosi, 17 Februari

Mbao zangu kavu zote zimeondoka. Mfanyabiashara wa Kasumulu amekuja na gari, anajenga ng'ambo ya mto Songwe, akachukua saipresi yote iliyokaa bandani tangu kiangazi. Hakubishana bei. Nilifurahi mpaka gari lilipokata kona. Ndipo nikakumbuka paa langu.

Mjinga mimi.

Jumanne, 20 Februari

Lori la Makete limeingia. Paini tupu, imepasuliwa juzijuzi. Ukiinua ubao mmoja wa mbili kwa nne, bega linajua. Utomvu unanata viganjani. Ukigonga kwa kidole sauti haitoki, ni bubu kwa maji.

Paini si mbao mbaya. Nimechoka kuwaeleza watu. Wanataka mninga hata kwenye kenchi, utafikiri paa litakaliwa na wageni. Paini kavu, iliyotiwa dawa, ikapigwa misumari na mtu mwenye akili, itamzika aliyejenga. Saipresi ina mafuta yake na mchwa hawaipendi, ila ina macho mengi, na jicho ndipo mbao inapokatikia. Zote mbili ni nyepesi, zinakubali msumari, hazimchoshi fundi. Tatizo ni ubichi. Mbichi ikikaukia juu ya ukuta inajikunja, inajisokota, inatema misumari. Kila siku nawaambia wateja: zipange, zifunike, subiri.

Leo nimechagua za kenchi nikazipeleka nyumbani mbichi vilevile. Sitasubiri. Mimi siyo mteja.

Alhamisi, 22 Februari

Nimerudi jioni nimekuta mbao sivyo nilivyoziacha. Nililundika uwanjani, lundo tu. Sasa zimenyanyuliwa juu ya matofali, safu kwa safu, kati ya kila safu vipande vya fito, vimenyooka kutoka chini hadi juu. Hewa inapita kote. Hata bandani kwangu hazipangwi hivyo.

Tusa anasema babu amezipanga yeye mwenyewe, kutwa, kifua wazi. Ujana wake wote alitengeneza mitumbwi ya mbao kule ziwani. Anaheshimu mbao kuliko watu.

Nimemwelewa. Ananiambia nisubiri. Mdomo kwangu hana, mikono anayo. Miezi mitatu anataka nisubiri, yeye ambaye akitaka kwenda chooni anakohoa tu na dunia inampisha.

Ijumaa, 23 Februari

Nimezipangua zote asubuhi, akiwa anaoga. Nimezilundika zilivyokuwa.

Jumamosi, 24 Februari

Amezipanga tena. Na amezifunika kwa mabati yangu mapya, ya bluu, niliyoyaficha chini ya kitanda cha Tusa. Ameweka na mawe juu. Mabati mawili yamekwaruzika.

Nimelia kwa hasira, jikoni, ambako ndiko kila kitu changu kinafanyikia siku hizi.

Nimempigia Lusajo. Yuko Karonga, anapakua. Akacheka. Akasema mwache mzee, anajishughulisha. Nikamwambia basi mpandishe kwenye lori lako mzunguke naye. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumapili, 25 Februari

Kanisani. Mzee mbele na wazee wenzake, mimi nyuma kabisa, ubavuni mwa nguzo. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa natazama kenchi za kanisa. Zimenyooka zote.

Jumanne, 27 Februari

Nimekwama bafuni. Bafu letu ni la mabanzi, liko upande wa baraza. Nimeoga, nimefunga kanga, nasikia sauti. Mzee amepata wageni, wazee watatu wa kwao, wamekaa barazani wanazungumzia ziwa. Lilifika wapi, limeacha nini, nani kahamia kwa nani. Sina cha kugonga. Ndoo ya plastiki haina mlio.

Nimekaa humo mpaka maji yamenikaukia mwilini. Inzi wakanijua kwa jina. Mzee mmoja akauliza, na wewe utarudi kwako lini? Mzee akasema kwake samaki wanapita dirishani. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Nimetoka walipoondoka. Jioni nimempigia fundi Gwakisa. Aje, mbao zipo.

Alhamisi, 29 Februari

Gwakisa ameanza. Ameshika ubao wa kwanza akaunusa, akaniangalia. "Mama Tusa, hizi mbichi fijo. Mbichi sana." Nikamwambia mimi ndiye nauza mbao. Akapima, akakata. Maji yalitoka kwenye msumeno.

Mzee amegeuza kiti chake. Ameupa uwanja mgongo. Siku nzima ametazama mgomba.

Nimepita uani kichwa juu, mara tatu, bila kugonga kitu. Nimejisikia mshindi. Naandika ukweli.

Jumatatu, 4 Machi

Kenchi tano ziko juu. Nimesimama chini yake, ndani ya chumba kitakachokuwa changu. Kitanda huku, kabati kule. Mlango wangu unatazama barabara. Nitaingia na kutoka kama watu. Nimeimba, na mimi siimbi.

Jioni mvua. Na Gwakisa amepata msiba, mjomba wake huko Njisi. Anaondoka kesho alfajiri. Kenchi amezishikiza kwa fito mbili na kamba tu, papi za kuzifunga pamoja hajapiga. Amesema zisikae hivyo. Amesema atajitahidi arudi Jumamosi.

Msiba ni msiba. Ningemwambia nini?

Jumatano, 6 Machi

Jua kali, mvua, jua kali. Kenchi ya katikati imeanza kutazama kushoto. Misumari imejitokeza, vichwa vinang'aa. Nimeona. Niliporudi kutoka bandani nikapita upande wa pili ili nisione tena.

Mzee amerudisha kiti kilivyokuwa. Anazitazama kutwa. Anakohoa mara mbili, nampisha, hatoki. Anakohoa tena. Hatoki. Najua anachosema. Nimegonga sufuria mpaka imebonyea.

Ningeweza kuita fundi mwingine. Nimeogopa atakayekuja ataniambia nishushe zote. Nikishusha zote, nabaki jikoni.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike kwa mpangilio kama naweza.

Mchana upepo ulianza kutoka ziwani, na wingu. Nikafunga banda mapema nije kuongeza kamba. Nimeingia uani, nimegonga sufuria. Kiti kitupu. Redio inaongea peke yake. Kisha mlio. Wala si mkubwa, kama mtu katua mzigo wa kuni.

Alikuwa amepanda ukutani na kamba begani. Alisubiri nisiwepo ndipo apande. Ngazi aliiegemeza upande wa nyuma, ambako nikiwa jikoni sioni. Kenchi ya katikati ilimshukia, wakaja chini wote wawili.

Nilisimama nje ya ukuta. Nilisikia anavyohema. Sikujua niweke wapi miguu yangu. Yeye akajua kuwa nipo.

"Usije, mkwe," akasema. "Ita watu."

Miaka yote hii, ndiyo mara ya kwanza sauti yake kunielekea mimi.

Nikakimbia barabarani. Nimeita. Mama Ipyana yuko shambani kwenye mpunga. Mvua imeshaanza, kila mtu kajifungia, upepo unabeba sauti yangu kwenda kwingine. Hakuna mtu. Nikarudi mbio. Nikachungulia juu tu, siyo chini. Kenchi nne zilizobaki zilikuwa zimeegemeana, zinashikiliwa na fito moja. Fito inalia.

Nikaingia.

Alinisikia. Akavuta koti lake akafunika uso. Mikono ilikuwa inatoka damu na bado alilishika koti kwa nguvu zote. Kenchi imelala juu ya mguu wake. Nimeinua, haikuinuka. Maji yote yale niliyokataa kuyasubiri yatoke, yalikuwa humo ndani, juu ya mfupa wake. Nikachukua kipande cha mbili kwa nne, nikakisokomeza chini, nikategea tofali, nikakilalia kwa tumbo. Ikanyanyuka kidogo.

Nikasema, "Baba, vuta mguu."

Hakuvuta. Nikadhani amekufa. Nikasema tena kwa ukali, kama ninavyosema na Tusa akichelewa shule. Akavuta.

Nikamshika makwapani nikamburuta nje hadi kwenye migomba. Ni mwepesi. Sikujua kuwa ni mwepesi kiasi hicho. Koti halikutoka usoni hata mara moja, na chini yake alikuwa analia, na sidhani kama ni kwa sababu ya mguu.

Kenchi nne zikaja chini nyuma yetu. Kishindo hicho ndicho kilichowatoa watu ndani. Walipofika mimi nilikuwa nimeshaingia jikoni, nimekaa chini nyuma ya mlango. Mama Ipyana aliporudi alinikuta hapo hapo.

Jumamosi, 9 Machi

Mfupa wa muundi umevunjika. Mbavu mbili zina nyufa. Ataishi.

Nilimwangusha mimi, na nikamtoa mimi. Yote mawili ni kweli na hayafutani.

Gwakisa amerudi kutoka msibani, akasimama uwanjani akavua kofia. Sikutoka kumwona.

Jumatatu, 11 Machi

Lusajo amefika. Amekwenda hospitali kwanza, kisha kwangu. Amesimama mlangoni mwa jiko akasema, "Ndaga, mama." Alinishukuru huku akitazama mafiga. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nina majibu yote. Akaomba maji ya kunywa.

Jumatano, 13 Machi

Mzee amerejea nyumbani na plasta hadi juu ya goti. Wifi yangu Subilaga amekuja kutoka Ngana, kwa sababu mgonjwa lazima aogeshwe, ageuzwe, ashikwe, na mimi siwezi. Nilimshika mara moja, sasa sitakiwi hata kuona sahani anayolia chakula.

Subilaga alinifuata jikoni. Tulimenya ndizi. Akauliza, ni kweli ulimshika? Nikasema ndiyo, makwapani. Akamenya nyingine. Akasema, "Baba hali."

Nikauliza, ana hasira na mimi? Akasema hapana, ana aibu. Mkwe wake amemkuta chini, mchafu, analia. Anasema amekuvunjia heshima.

Yeye. Amenivunjia mimi heshima.

Hasira yake ningeiweza. Nimejiandaa na hasira tangu alipofika. Hii sijui niishikie wapi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimempikia mbasa kwa nazi. Imerudi nzima. Nimempikia ndizi na maharage. Imerudi. Subilaga amemwambia ni chakula chake yeye, kapika yeye. Amekula vijiko vitano kisha akasema, hili ni pishi la huyu wa hapa, nalijua. Akaweka kijiko.

Kumbe anajua pishi langu.

Jumapili, 17 Machi

Ameomba mwenyewe kwenda Ngana kwa Subilaga. Lusajo alibisha kidogo, kwa adabu tu. Mimi sikuulizwa. Nimeomba jambo hili tangu alipofika. Nimelitamani nikiwa bafuni, nikiwa na malapa ya mtoto.

Wamempakia kwenye bajaji baada ya ibada. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Bajaji imewashwa. Akasema izimwe. Akamwambia Subilaga, kwa sauti kubwa kuliko haja, "Mwambie mwenye nyumba, ndaga fijo. Na mwambie zile mbao zilizosalia, za chini azipandishe juu, za juu zishuke. Huko chini hazipati hewa."

Subilaga akajibu, atasikia, baba.

Bajaji ikaondoka. Nilikuwa na jibu. Nimeliuma kwenye kanga mpaka mlio wa bajaji umepotea.

Jumanne, 19 Machi

Lusajo amerudi barabarani. Kabla ya kuondoka ameuliza kama nahitaji kitu. Nimesema hapana.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua ya siku nne imekatika. Nimefunua mabati asubuhi, nikageuza mbao, za chini juu, za juu chini. Zimepungua uzito kidogo. Mbili zimejisokota, nimezitoa za kuni. Nyingine zinaendelea vizuri.

Subilaga amepiga simu. Mzee anakula sasa. Anasogea hadi mlangoni kwa mikongojo na anawasumbua wajukuu.

Nimeoga nikatoka bafuni na kanga, taratibu, nikapita sebuleni, nikachukua viatu. Hakuna aliyekohoa. Nimekaa kwenye kochi dakika chache. Sikujua nifanye nini pale. Nikainuka nikaenda bandani.

Mchana amekuja Gwakisa. Anaona aibu bado, anazungumza akiangalia chini. Anataka arudi amalize, hatadai malipo ya kazi ya kwanza. Amepata na saipresi kavu mahali, ya kutosha, tunaweza kupaua wiki ijayo mvua ikiruhusu. Nimemwambia hapana, tungoje hizi zikauke. Akauliza mpaka lini. Nikasema hata Agosti.

Akashangaa. Akasema, lakini Mama Tusa, si ulikuwa na haraka?

Nikamwambia haraka ya nini. Tuko wawili tu, mimi na Tusa. Nyumba inatutosha.